Watoto 87 na madam mmoja: tunahesabu walimu gani?

Juzi nilimpeleka mtoto wa dada yangu shule ya serikali huku Mbagala, darasa la awali, nikakaa karibu na mlango nikisubiri madam apate upenyo nimkabidhi kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nilisubiri mpaka saa nne. Watoto 87, nimewahesabu mwenyewe, wamebanana kwenye mikeka, mwalimu mmoja. Nyuma kabisa kulikuwa na katoto kanapanga vizibo vya soda kwa rangi, vyekundu huku, vya kijani kule, kakamaliza kakanyoosha mkono "madam nimemaliza", kimya, kakarudia, kimya, maana madam yuko mbele anamfunga mmoja suruali na mwingine analia anataka chooni. Mara ya tatu kakavuruga vizibo vyote kakajilaza.

Madam simlaumu hata kidogo. Pigeni hesabu wenyewe, kila mtoto mpe dakika mbili tu za kwake, za kumshika mkono aandike "a" au kumsikiliza anakuelezea alichochora, kwa watoto 87 hizo ni dakika 174, karibu masaa matatu, muda wa darasa umeisha na hujafundisha kitu kingine. Wangekuwa 25 ni dakika 50. Na hiyo 25 sijaitoa Ulaya jamani, ndo kiwango chetu wenyewe Tanzania kwa mwalimu mmoja wa awali.

Tulifikaje hapa inaeleweka. Ada ilipofutwa 2016 wazazi walileta watoto, awali nchi nzima ikatoka kama milioni moja mwaka 2015 ikapita milioni moja na nusu mwaka uliofuata, na hilo ni jambo jema kabisa, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani waliingia darasani. Ila walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. UNICEF waliwahi kutaja wastani wa watoto 131 kwa mwalimu mmoja mwenye sifa kwenye awali za serikali. 131! Hao 87 wa Mbagala wana nafuu.

Sasa watu wakiona hivyo wanakimbilia kulinganisha na nje, Finland mtu mzima mmoja kwa watoto saba wa kuanzia miaka mitatu, basi tunabaki kusikitika. Lakini angalia vizuri, hao wa Finland sio wote walimu, wamo na walezi, na mwalimu wao wa chekechea ana digrii, wakati hapa kwetu mwalimu mwenye sifa anaweza kuwa na cheti au diploma. Kila nchi inajipangia yenyewe nani ana sifa, kwa hiyo namba mbili zinazofanana zinaweza kuwa zinaongelea watu tofauti kabisa. Mimi kilichonigusa zaidi ni England. Kule nasari mwalimu mwenye sifa akiwepo anafanya kazi na watoto wa miaka mitatu na kuendelea, sheria inaruhusu mpaka watoto 13 kwa mtu mmoja, asipokuwepo inashuka mpaka nane. Yaani sheria yenyewe inakubali kwamba mtu aliyesomea kulea na kufundisha wadogo na mtu ambaye hajasomea hawahesabiki sawa.

Hapo ndo nikakumbuka nasari za mitaani kwetu. Mtaani kwangu ipo moja, watoto 18, ticha mmoja, ukuta umechorwa vizuri, wazazi tunalipa ada tunaona tumeshinda. Ticha ni binti kamaliza fomu foo, ana moyo, anawapenda watoto, ila hakuna aliyemfundisha kazi hiyo hata wiki moja. Sasa kagawanye watoto 18 kwa walimu wenye sifa sifuri, hupati jibu. Kwa hiyo Mbagala wana mwalimu hawana nafasi, huku kwetu wana nafasi hawana mwalimu.

Na kuna yale maneno ya "wale wadogo wanacheza tu, mtu yeyote anaweza kukaa nao". Hapana. Kale katoto na vizibo vyake kalikuwa kanafanya hesabu, kanatenga makundi, kalichokosa ni mtu wa kukauliza "vyekundu ni vingapi? vipi vimezidi?" Swali moja tu, lakini lazima ujue la kuuliza. Ndo maana inaniuma nikisikia shule imempeleka awali mwalimu anayesubiri kustaafu au anayejitolea, kisa darasa la saba lina mtihani. Mwalimu mzuri kuliko wote aanzie chini, na kama hakuna wa kutosha wagawanye watoto kwa zamu, asubuhi nusu na mchana nusu, walau madam huyo awafikie, japo naye atachoka na hilo lazima alipwe.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Dada yangu yuko kazini nitaenda mimi, na nitakachouliza ni walimu wangapi pale wamesomea awali, na kati ya hao wangapi wanafundisha awali.