Si Mwanamke Anayetumaliza Barabarani

Hapa Tabora mjini, gari likichelewa kuingia barabara kuu au likisitasita kwenye makutano, watu walioko kijiweni hawangoji kumwona dereva. Hukata shauri papo hapo kwamba ni mwanamke. Akionekana kuwa mwanamume, jambo linaishia hapo. Akiwa mwanamke kweli, anageuzwa ushahidi dhidi ya wanawake wote wenye leseni. Yangekuwa maneno ya kupitisha muda tu ningeyaacha, lakini yanatufundisha kumwogopa dereva mwoga na kumsifu yule anayeyapita magari mengine kwenye kona.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na wanaume ndio wengi kwa mbali. Najua atakayejibu kwamba wanaume hufa zaidi kwa sababu ndio wanaoendesha zaidi, na jibu hilo lina uzito, kwani malori yanayobeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua, mabasi ya Kigoma na ya Mwanza, na bodaboda karibu zote zimo mikononi mwa wanaume. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kulinganisha vifo na umbali ulioendeshwa. Marekani, ambako takwimu za namna hiyo hukusanywa kwa miaka mingi, wanaume, hasa vijana, huhusika zaidi katika ajali za vifo hata umbali unapozingatiwa, na mambo yanayotajwa ni mwendo kasi, ulevi na kutofunga mkanda.

Siamini kwamba mwanamume huzaliwa na kasoro hiyo. Anaipata kwetu. Basi likichelewa kutoka stendi, abiria haohao wanaomsema mwanamke kwa kwenda taratibu ndio wanaopaza sauti, "Suka, kanyaga mafuta, unatulaza njiani!" Sheria inamtaka dereva wa basi asizidi kilomita 80 kwa saa, na palipo na makazi asizidi 50, lakini anayezitii namba hizo huambiwa hajui kazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo huongezeka kwa asilimia 4. Na anayetaka kufika mapema kwa nusu saa haongezi asilimia 1, anaongeza nyingi.

Kwenye bodaboda jambo hili linauma zaidi. Mtazame mama anayetoka kliniki: amekaa upande kwa sababu ya kitenge, mtoto amebanwa kati yake na mgongo wa kijana, na helmeti ya abiria, kama ipo, imening'inia kwenye kioo. Akiomba mwendo upunguzwe huambiwa, "Mama usiwe na hofu, hii ndiyo kazi yetu." Hakuuchagua mwendo ule, wala hana namna ya kuuzuia, ila akianguka yeye na mtoto ndio wasio na cha kushikilia. Wanawake wengi wa mkoa huu huumia wakiwa abiria au watembea kwa miguu, na bado mjadala wetu unawataja wanapokuwa kwenye usukani tu.

Kijana yule naye anasukumwa. Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Ipo hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Siku abiria wanapokuwa wachache, njia pekee anayoiona ni kuwahi kila safari, kupakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na kupita upande usio wake. Ni kosa lake, na anapaswa kuadhibiwa, lakini kumkamata yeye peke yake na kumwacha anayempangia hesabu hakujagusa chanzo.

Wamiliki wengi wa pikipiki hizo tunaishi nao mtaani na tunaswali na kusali nao. Nawaomba wapunguze hesabu msimu huu wa mvua, wanunue helmeti ya pili kwa ajili ya abiria, na wamwambie kijana kwa kinywa chao kwamba akirudi na pungufu kwa sababu alikwenda taratibu, hatanyang'anywa pikipiki.