Ekseli ya Shangazi

Land Rover yangu naiita Shangazi kwa sababu amenizidi umri, hulalamika kila tukipanda mlima, na hakuna mtu wa ukoo anayethubutu kusema auzwe. Ni Series IIA, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1968. Marehemu mjomba aliniachia yeye pamoja na madeni mawili. Madeni nilimaliza kuyalipa.

Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, saa kumi na moja jioni, Shangazi alivunjika mguu katikati ya mzunguko wa Globe. Injini inanguruma, gia imeingia, klachi nimeachia, na gari limetulia tuli. Matatu zikajipanga nyuma yangu zikipiga honi. Makanga mmoja akapita akilipiga bodi kofi: "Mzee, huyu mama amechoka! Mpe kiti akae!"

Wenye magari haya wanaijua dalili hiyo. Haf-shafti ya nyuma, kile chuma cha ndani ya ekseli kinachozungusha gurudumu, ikikatika, difu, ile gia ya katikati inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, huupeleka mzunguko wote upande uliokatika, maana huko hakuna mzigo, na gurudumu zima linabaki likitazama tu. Dawa ya muda ipo. Nikabonyeza kirungu cha manjano kilicho kando ya gia, magurudumu ya mbele yakaungana na kazi, na Shangazi akajikokota hadi nyumbani Umoja kwa miguu ya mbele peke yake.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Industrial Area aliyeanza kutengeneza Land Rover kabla sijazaliwa. Alichomoa haf-shafti ikatoka nusu, akaitazama mahali ilipokatikia kama daktari atazamavyo ulimi.

"Haf-shafti elfu tano na mia tano," akasema. "Kazi elfu mbili. Kipande kilichobaki tumboni nitakivua kwa waya na sumaku. Kesho jioni uko barabarani."

"Na itakatika tena, Mzee?"

"Itakatika. Kazi yake ni kukatika. Kijana, hiyo ni fyuzi. Nyumbani umeme ukileta wazimu, unataka iungue fyuzi au friji? Ukiweka kisichokatika hapa nyuma, kitatafutwa kingine cha kukatika. Na hicho kingine hakiuzwi elfu tano."

Ningeitikia hapo, ningekuwa na elfu tisini zaidi leo. Bahati mbaya nilikuwa nimeandamana na binamu yangu.

Binamu alikuwa anapeleka mahari Kamulu Jumamosi ya wiki iliyofuata, na Shangazi ndiye aliyepangiwa kubeba wazee. Usiku ule hakulala. Alisoma habari za ekseli kwenye simu, na kulipokucha alikuwa bingwa. "Salisbury!" akawa anasema, kama mtu aliyetajiwa jina la mchumba mpya. "Tunatoa hii takataka, tunaweka Salisbury!"

Sitamsingizia Salisbury. Ni ekseli ya maana, nene, difu yake kama sufuria ya harusi, na kuanzia 1972 Land Rover wenyewe waliifunga kwenye 109 zote za Series III. Hata Mzee alikubali, shingo upande.

"Ukiamua, chukua iliyotoka kwenye Series III," akasema. "Usiniletee ya 110, ile Land Rover iliyokuja baada ya Series. Ya Series ina uwiano wa 4.7, ya 110 ina 3.54. Yako ya mbele ni 4.7. Nyuma ikiwa tofauti na mbele, siku utakayobonyeza kile kirungu cha manjano utanikumbuka." Akanitolea kipande cha chaki mfukoni. "Weka alama kwenye shingo ya propela, pale nguvu ya injini inapoingilia ekseli. Magurudumu yote mawili yazungushwe mara moja, pamoja. Wewe hesabu shingo imezunguka mara ngapi. Ikikaribia tano, lipa. Ikiwa tatu na nusu, kimbia."

Maagizo ya mtoto wa nasari. Nilikwenda nayo mpaka Kirinyaga Road, chaki mkononi, binamu mbele akitembea kama mwenye mtaa.

Muuzaji aliyetupokea aliapa kwa jina la mama yake kwamba ekseli ni ya Series III. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi kiasi kwamba niliposhika ilibaki na alama ya kidole. Elfu themanini. Tukashindana hadi akakubali sabini na tano, kisha akasema ile yangu ya zamani ataichukua kwa elfu kumi. Nilisita kidogo. Ekseli ile ina kiraka chini, mjomba aliigongesha kwenye jiwe njia ya Magadi, na aliyechomelea akaacha kiraka chenye umbo la ramani ya Afrika, Madagaska ikiwemo. Lakini binamu alishakubali kwa niaba yangu.

Vijana wawili wakashika habu, mmoja kila upande. Nikachora alama ya chaki. "Zungusheni!"

Moja. Mbili. Tatu. Simu ikalia. Alikuwa mweka hazina wa kamati ya mahari: "Wewe ndiye umebaki. Tuma 3,000 kabla ya saa sita, usituaibishe." Niliinua macho kusoma, nikayarudisha, vijana wameshamaliza na wanajifuta mikono.

"Ngapi?" akauliza binamu.

Kwa macho yangu nilikuwa nimeona tatu na kitu. Nikaona haki nijumlishe moja iliyopita nikiwa kwenye simu. "Nne na kitu," nikasema.

"Si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Mzee alikuwa amekwenda kijijini kwa mazishi, kwa hiyo tulifungiwa na fundi kijana huko Kariobangi. Fundi huyo hakuuliza maswali mengi; alikuwa na simu sikioni muda wote na spana mkono wa pili. Alipomaliza tukasogea nyuma kutazama. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamechungulia nje ya bodi, upana wa kiganja kila upande. Shangazi alikuwa amepata nyonga.

"Imekaa kisporti," akasema fundi.

"Kisporti kabisa," akasema binamu. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilipiga picha.

Na gari lilikwenda! Injini ilitulia kama mtu aliyelipwa mshahara na malimbikizo. Mwendo ambao zamani ulimfanya Shangazi apige kelele, sasa alikuwa anaupita akisinzia. Siku nne nilizunguka Eastlands nikiwaza kwamba Mzee amezeeka.

Jumamosi tukapakia. Wazee wanne na akina mama wawili kwenye zile benchi za pembeni, kreti tano za soda, blanketi, na mbuzi wawili waliolala miguuni pa Baba Mkubwa. Binamu mbele nami, suti, jasho. Barabara ya Kangundo, karibu na Ruai, askari wa trafiki akanyoosha mkono.

"Unakwenda mwendo gani?"

"Hamsini, afande. Sijaupita hata nukta." Na kweli, mshale haukutoka kwenye 50 tangu Njiru.

Akanionyesha kidude chake. 66. Kisha akamtazama Shangazi kuanzia bampa hadi nyonga, akawatazama wazee, mbuzi mmoja akamjibu. "Hii? Na mzigo huu? Sitini na sita?" Akamwita mwenzake. Wakakitikisa kile kidude, wakakipima kwa bodaboda iliyopita, wakanong'ona. "Endeni," akasema hatimaye. "Hii mashine imeharibika."

Baba Mkubwa akasema hiyo ni baraka ya safari.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Baada ya Kamulu unaacha lami, unaingia udongo mweusi ule ambao ukikauka unapasuka na ukilowa unameza viatu. Shangazi akateleza mara mbili, akazama. Akina mama wakaanza kuimba wimbo wa kanisa, taratibu, kama watu wanaojiandaa. Nikawaambia wasiwe na hofu, nikabonyeza kirungu cha manjano.

Tulitoka. Lakini tulitoka kwa namna ya mbuzi aliyefungwa miguu: anaruka, anakwama, anaruka, na chini ya sakafu kuna sauti ya mtu anayesaga mawe kwa meno. Usukani ukawa mzito. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanarusha tope pembeni, na kwa sababu yalikuwa yamechungulia nje, tope lote likapanda kwenye madirisha. Probox iliyojaa mboga ikatupita polepole, dereva wake akipiga mluzi.

Kwa wakwe wamemwaga kokoto kuanzia barabarani hadi getini. Nikashukuru Mungu, ardhi ngumu hatimaye. Nikakata kona kuingia. Nilikata kona, Shangazi hakukata. Nyuma ilikuwa inasukuma kwa haraka kuliko mbele inavyotaka kwenda, na magurudumu ya mbele, ingawa yalielekea getini, yaliburutwa moja kwa moja hadi kwenye ua wa michongoma wa wakwe. Tukasimama tukiwa tumeingia nusu. Mwiba mmoja ukapita dirishani na kuchukua kofia ya Baba Mkubwa.

Nikavuta gia ya kirungu chekundu nyuma, nikairudisha mbele, ili kirungu cha manjano kitoke. Kimeganda. Nikakumbuka kwamba kikiganda, dawa ni kurudi nyuma kidogo kilegee. Nikaweka rivasi. Tukatoka kwenye miiba, nikaendelea kurudi nikisubiri kilegee, kumbe kona niliyoikosa kwa mbele naipata barabara kwa nyuma. Tukapita getini kinyumenyume, matako mbele, tukaingia uani mbele ya ukoo mzima uliosimama umevaa sare.

Hapo ndipo ulipolia mlipuko. Si mkubwa sana, lakini wa chuma, wa mwisho. Mbuzi mmoja akaruka nje akaingia jikoni.

Mara gari likawa laini kama siagi. Kirungu kikatoka chenyewe. Wazee wetu wakapiga makofi, wakadhani nimetengeneza.

Msemaji wa wakwe akasogea, fimbo mkononi, akatazama taa za nyuma. "Karibuni," akasema. "Tumeona watu wengi wakija kuposa. Wanaoanza safari ya kurudi kabla hawajasalimia ndio nyinyi wa kwanza."

Tulitozwa faini ya ua, faini ya kuchelewa, na faini ya kugeuzia wenyeji mgongo. Mbuzi aliyeingia jikoni alihesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe kama faini, kwa hiyo kwenye mahari alibaki mmoja. Binamu hakunisemesha hadi Njiru. Njia nzima, mshale kwenye 40, matatu hazikutupita.

Mzee aliporudi alilala chini ya Shangazi dakika mbili tu. Akatoka, akaenda kuosha mikono, akarudi.

"Ya mbele imekatika. Niliwaambia fyuzi itatafutwa." Akapima nyuma kwa futi yake. "Hii ya 110 ni pana kuliko ya Series kwa karibu sentimita 18. Na hapa palikuwa na vikalio vya koili, vimekatwa kwa grainda vikachomelewa vya springi. Chaki yangu iko wapi?"

Ilikuwa bado mfukoni. Akainua nyuma kwa jeki, akawaweka wanagenzi wawili kwenye magurudumu, wengine wakaacha kazi waje kuona.

"Hesabu kwa sauti."

"Moja. Mbili. Tatu." Shingo ikaenda nusu, ikasimama. "Na nusu."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilipata ujumbe, Mzee."

Hakunijibu. Nilikuwa na njia mbili: kutafuta ya mbele ya 3.54 nayo ifanane, au kurudisha nyuma ya 4.7. Binamu, aliyekuwa ameanza kunisemesha tena, alitaka ya kwanza. Nilimwacha gereji, nikaenda Kirinyaga Road peke yangu.

Muuzaji mwingine, vibanda sita kutoka kwa yule wa kwanza, alikuwa nayo moja, nyeusi, inang'aa. "Hii imetoka kwa mzungu wa Naivasha," akasema. "Alikuwa anaendesha Jumapili tu, kanisani na kurudi." Elfu thelathini. Nikatoa chaki, nikazima simu. Nikapitisha kidole chini kuona kama kuna nyufa, rangi ikabanduka kidogo, nikagusa Madagaska.

Ningemwambia nini? Nikamshusha hadi ishirini na nane, nikalipa.

Mzee aliifungua jioni ile. Akaingiza waya na sumaku, akavuta polepole, na kipande kikatoka, kilekile, kimekatikia palepale. Akakiweka juu ya benchi kando ya nusu yake, vikashikana.

"Haf-shafti elfu tano na mia tano," akasema. "Kazi elfu mbili."