Mboni tunayo, pupili ya nini?

Kipeperushi cha afya ya macho nilichopewa wiki hii kimenikera. Kiswahili chake kinasomeka vizuri mpaka katikati, kisha: tundu jeusi la jicho "huitwa pupili". Mboni imekosa nini?

Neno hili si la jana. Mnyarwanda naye anasema imboni. Linatokana na kitenzi cha kuona, kile ambacho Wanyarwanda wanakitamka kubona na Wazulu ukubona. Sisi tuliidondosha ile b, tukabaki na kuona. Lakini b iliyokaa baada ya m haikudondoka, ndiyo maana tunasema watu wawili lakini nyumba mbili. Kwa hiyo mboni imetunza sauti ambayo kitenzi chenyewe kilishaipoteza zamani. Ndiyo mali tunayoitupa!

Na hiyo pupili? Kwa Kilatini ni pupilla, kibinti au kidoli, kwa sababu ukimtazama mtu machoni kwa karibu unajiona umekuwa kijitu ndani ya ule weusi. Wagiriki waliita kore, msichana. Waarabu husema mtu wa jicho. Kiebrania ni ishon, kijitu, na ndilo neno lililomo katika Kumbukumbu la Torati 32:10, ambapo Biblia yetu inasema mboni ya jicho. Taswira hiyo ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila msomaji wa Mbeya akikutana na pupili haoni binti wala kidoli. Anakuta sauti tupu.

Daktari atasema mboni haioni, ni tundu tu la kupitishia mwanga, husinyaa juani na kutanuka gizani, na kazi ya kuupokea mwanga ni ya retina kule nyuma. Haya, nakubali. Tena wapo wanaoita mboni pamoja na duara la rangi linaloizunguka. Hilo lisahihishwe kwa kufundisha, neno libaki. Retina na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ziingie katika Kiswahili, sizipingi.

Lakini mgonjwa wa mtoto wa jicho mweleze hivi: lenzi iliyo nyuma ya mboni imeingia ukungu, mwanga haupiti vizuri, ndiyo maana mboni inaonekana nyeupe. Bibi yeyote atakuelewa hapo hapo. Ukimwambia pupili, itabidi umfundishe neno kwanza, ndipo uufikie ugonjwa.