Muhali kwenye mizani ya uwanja wa ndege

Mama mmoja alikuwa anarudi Unguja kutoka Pemba, ana begi na pakacha la embe za wajukuu. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege mizani ikasoma kilo 18. Tiketi yake ilimruhusu 15. Kijana wa zamu akainua macho. "Mwanangu, kilo tatu tu, mimi na mamako tumesoma skuli moja," mama akamwambia kwa upole. Kijana akatazama foleni, akatazama mizani, akaufunga mzigo lebo, na kwenye karatasi akaandika 15. Nilikuwa mtu wa tatu nyuma, kalamu niliiona.

Wapo watakaosema ninalikuza jambo, kwamba kilo tatu haziangushi ndege. Ni kweli, haziangushi. Lakini Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotuvusha wengi wetu, haitakiwi kuruka na zaidi ya takriban tani 4, mafuta, watu na mizigo vyote pamoja. Abiria 12 wakifanyiwa hisani hiyo hiyo ni kilo 36 ambazo rubani hana habari nazo. Zikirundikwa nyuma, mkia unakuwa mzito kuliko alivyopiga hesabu, na yeye analijua hilo wakati magurudumu yameshaacha lami. Kwa hiyo kosa ninaloliona mimi si embe, ni ile 15. Angeandika 18, rubani angekuwa na ukweli mkononi, na uamuzi ungebaki kwake.

Hata hivyo, kumwangushia kijana yule lawama zote ni dhulma. Visiwani tumelelewa kuoneana muhali. Mtoto anayemkatalia mama wa makamo mbele ya watu huambiwa hana adabu, na habari inafika nyumbani kabla yake. Mwajiri naye ana sehemu yake. Abiria akilalamika, na mkubwa akaagiza kwa simu "mpandishe, usituharibie biashara", yule kijana amefundishwa somo moja kubwa kuliko mafunzo yote aliyopewa darasani. Anayesema uwajibikaji ni wa kampuni kwanza, ana hoja nzito.

Ila hoja hiyo ina mpaka. Kisiwani Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa, moja ya KLM ya Uholanzi na nyengine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ndani ya ndege ya KLM, mhandisi aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa katika kampuni yake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza, na ndege ikaendelea kukimbia. Baada ya hapo marubani duniani wakaanza kufundishwa jambo ambalo kwetu lina ugumu wake: mdogo kumsemesha mkubwa, na mkubwa kumsikiliza. Heshima haikuondolewa. Kilichoondolewa ni ruhusa ya kunyamaza.

Wengine wanataka dawa iwe adhabu: anayekosea afukuzwe. Hapo natofautiana nao. Fundi aliyesahau kukaza kitu akijua atafukuzwa, atakificha, na kesho ndege itaruka nacho. Aliyekosea akasema mwenyewe alindwe. Anayeandika namba anayojua ni ya uongo ni mtu mwingine, na huyo simwonei huruma, hata kama mwajiri wake ni mbaya, kwa sababu aliyekaa kiti cha mbele anairusha ndege kwa kuiamini karatasi ile. Wapemba hatuhitaji kukumbushwa usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikija kwetu, imejaa kupita kiasi.

Ningependa kumwona mkubwa wa zamu akitoka ofisini, anasimama kwenye mizani pamoja na kijana wake, na yeye ndiye anamwambia mama: "Shikamoo bibi, begi linakwenda na wewe, pakacha litafuata na ndege ya jioni." Na jioni lifike kweli.

Siku ile hakutoka mtu. Na mimi, niliyeiona kalamu, nilimwonea kijana muhali. Nikapanda, nikakaa nyuma ya rubani, na kwa muda wote wa safari nikawa naiangalia shingo yake bila ya kumwambia kitu.