Mama, Unataka Paka wa Saa Ngapi?

Hivi simba kawakosea nini watu wa Dar es Salaam? Miaka yote mtu akishapaua nyumba anakuja kwa fundi geti na kauli moja: "Fundi, niwekee simba wawili, watazamane." Mnaelewana bei, advansi inatoka, namshusha simba wangu wa boksi ukutani, namlaza juu ya shiti, nazungusha chaki, napitisha grenda. Kazi ya asubuhi moja, mchana nakula wali wangu kwa amani. Simba ana huruma na fundi. Taya likienda kombo, unaongeza nywele. Sikio likigoma, nywele. Shingo ikitoka fupi, nywele hizo hizo unazishusha mpaka kifuani, na mteja anakusifia una mkono. Tangu niingie kwenye kazi hii sijaona mteja aliyeinama kuhesabu nywele za simba.

Sasa kaja mama mmoja wa Goba. Geti la futi kumi na mbili, hela anayo, maneno anayo zaidi. Anasema mtaani kwao simba wamezidi, ukimwelekeza mgeni "nyumba yenye geti la simba" atagonga nyumba sita ndiyo afike kwako. "Mimi niwekee paka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akafungua pochi, akatoa simu, akanionyesha picha. Paka wake wa kufuga, kajikunja juu ya kochi, mkia umefunika pua, kichwa hakionekani kilipo, miguu hakuna. "Huyu huyu, fundi. Asibadilike hata kidogo." Nikamwambia mama yangu, huyu nikimchomelea kama alivyo, watu wataona kitumbua, wataanza kukugongea asubuhi na vijisahani. Akasema, "Basi mwamshe." Eti nimwamshe! Yeye anaondoka zake, mimi nabaki na kazi ya kumwamsha paka aliye kwenye simu ya mtu mwingine.

Ningekataa. Lakini advansi ilishaingia, na mwenye nyumba wangu ana pua ya ajabu: hela ikinifikia saa nne, saa tano yeye yuko mlangoni anauliza hali ya familia.

Nikajipa moyo. Paka si nimemwona tangu nazaliwa? Nimemfukuza jikoni, nimemrushia kandambili usiku akilia juu ya bati, kaniibia samaki wa kukaanga hadharani. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya kibanda, chaki mkononi, nikaanza kichwa. Kichwa kikaja, duara, halafu masikio. Nikafika mgongoni, nikashuka kwenye miguu ya nyuma, mkono ukasimama. Goti la paka linakunjika kwenda wapi? Nikamwuliza kijana wangu wa kazi. Akasema mbele. Mzee wa kahawa aliyekuwa anapita na birika lake akasema nyuma. Wakaanza kubishana, wakamwita wa bodaboda, naye akaleta habari za mbuni. Watu wazima wanne, mmoja wetu kahiji, hakuna anayejua goti la paka.

Jirani yangu mama ntilie ana paka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi nikainama kweli, uvunguni mwa benchi la wateja, katikati ya miguu ya watu wanaokula maharage. Siku zote paka yule ukila samaki yuko juu ya kiatu chako, humwondoi hata kwa maji ya moto. Siku hiyo namhitaji mimi, kaniona na chaki, kanipa mgongo. Nikazunguka upande wa pili, naye akageuka. Nikasema basi nimpime, walau nijue urefu wa mguu. Nikavuta futi kamba. Weee! Usingizi wote ukamtoka, akairukia ile futi kamba, akaidaka kwa kucha, na mimi nikapata mistari mitatu ya damu kwenye kiganja. Kichwa nikawa nimekipima nusu, urefu wa mwili namwachia Mungu.

Aliyenitoa gizani ni binti yangu, yuko kidato cha pili, kila kitu wanakisoma. Akaniambia, "Baba, hilo unaloliona huku nyuma si goti. Ni kisigino. Paka anatembea kwa vidole, kisigino chake hakigusi chini. Goti liko juu huku, karibu na tumbo." Nikamwambia acha utani. Akanisimamisha: inua visigino, kunja magoti, inama, tembea. Nikatembea hivyo kibandani kwangu, kutoka kwenye mashine ya kuchomelea mpaka mlangoni, na ni kweli, mguu ulikunjika vilevile! Nilifurahi sana. Sikujua kwamba yule wa bodaboda alikuwa ameshatoa simu. Sasa hivi nikipita kijiweni wananiambia, "Nyau, habari za asubuhi?"

Video nazo nisizizungumze, ila nitazizungumza. Kijana wangu akasema mtandaoni kuna watu wanafundisha kuchora paka dakika tano. Nikanunua bando. Unauona mkono tu, mkono msafi, haujawahi kushika grisi. Unachora duara dogo, duara kubwa, unaunganisha mistari miwili. Mpaka hapo mimi na yeye tuko sawa, tunakwenda pamoja kama ndugu. Halafu picha inaruka kidogo, na paka huyo hapo kakamilika, manyoya mpaka kwenye kwapa. Katikati pale alifanya nini? Nikarudisha nyuma, nikarudia, nikarudisha tena, mpaka bando likakata na mimi bado nina maduara mawili sakafuni. Kijana wangu akauliza kama tumepata oda ya matairi.

Ikabidi niende kwa wenye fani. Nikapanda daladala mpaka Oysterbay, pale Morogoro Stores kwa wachoraji wa Tingatinga. Yule mzee aliyeanzisha, Edward Saidi Tingatinga, alikuwa mtu wa Tunduru, kaja mjini kutafuta riziki kama sisi wengine, hakusomea uchoraji popote. Miaka ya sitini mwishoni akashika kipande cha hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akaanza kuchora wanyama na kuuza. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa, lakini nduguze na wanafunzi wake wakashika brashi mpaka leo. Mtu wa namna hiyo mimi namwelewa. Rangi ya baiskeli ni kitu nakijua, na hadibodi naijua. Nikasema hapa nimefika nyumbani.

Tembo wapo wa kumwaga, twiga wanapishana shingo, ndege wa kila rangi. Na chui wao, jamani, chui! Mwili kauweka ubavu, uso kaugeuza anakutazama wewe, macho mawili makubwa, meno nje. Nikauliza, paka je? Kijana mmoja akanitazama, akafikiri, akasema, "Mzee, mchore chui, usimtie madoa." Nikaona hapa nimepata dawa, tena bure. Nauli ikanirudi moyoni.

Nikafika kibandani, nikachora chui bila madoa, mwili ubavu, uso mbele. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua kadhaa ili nimwone vizuri. Simba jike! Simba jike mtupu, mzima mzima, hata mzee wa kahawa akatulia na kuniuliza mume wake yuko wapi. Nimemkimbia simba Goba nzima, nikapanda daladala mbili, nimekuja kumkuta kwenye sakafu yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira ikanifundisha kuliko video. Nikakaa kwenye ndoo, nikamtazama paka wa mama ntilie namna ninavyotazama bawaba iliyokataa kukaa. Sikio la simba ni la mviringo. La paka ni refu, lina ncha. Mdomo wa simba umetoka mbele. Wa paka umerudi ndani, mfupi. Na macho! Sisi wote tunayapandisha juu, jirani na masikio, kumbe ukipima toka utosini mpaka kidevuni yanakaa katikati. Nikayashusha yale macho vidole viwili tu, na nakwambia, kitu kikaanza kunitazama pale sakafuni mpaka nikasogea.

Mama wa Goba akaja kukagua. Huyu mama alikosea kuzaliwa, angekuwa mkaguzi wa mahesabu. Akachuchumaa, akahesabu vidole. "Fundi, mbele vitano, nyuma vinne. Kimoja umekipeleka wapi?" Nikamwambia mama, ndivyo paka alivyo, mbele vitano, nyuma vinne, jumla kumi na vinane. Akasema anaona mafundi wote tuko hivyo, tunapunja vifaa halafu tunasingizia maumbile. Nikamwambia akifika nyumbani amshike paka wake amhesabu. Akapiga simu palepale, dada wa kazi akaambiwa ahesabu. Tulisikia kelele za paka, halafu za dada, halafu simu ikakatika.

Akarudi kesho yake, katulia kuhusu vidole. Akaja na macho. Anataka mboni nyembamba, ile ya kusimama wima. Nikachora. Jioni akatuma ujumbe: hapana, ameangalia paka wake sasa hivi, mboni ni ya duara, nibadilishe. Nikampigia. "Mama, kwenye jua mboni inabana, gizani inafunguka. Geti halina betri. Naomba uniambie, unataka paka wa saa ngapi?" Kimya. Nikamsikia anamwuliza mumewe. Mumewe akasema paka wa saa moja moja hivi jioni, watu wakirudi kazini. Nikachora mboni ya saa moja jioni. Mkichunguza ina umbo la mbegu ya tikiti. Mimi sijui ndiyo au siyo, mwenye geti karidhika.

Sharubu nazo. Paka ana kama kumi na mbili kila upande, zimepangwa kwa safu nne. Kila upande! Nikizikata zote kwenye nondo ya milimita nane, nani atapita kwenye lile geti akatoka na shati zima? Nikaweka tatu tatu, waya mwembamba, ncha nimezikunja. Mumewe ndiye alikuwa wa kwanza kunasa mfuko wa suruali. Hilo mimi silihesabu, maana alikuwa anapita ubavuni akiongea na simu.

Binti yangu akaniona nimechoka, akanitafutia picha ya kunifariji. Leonardo da Vinci, yule Mwitaliano, zaidi ya miaka 500 iliyopita alichora karatasi nzima ya paka, iko kwenye hazina ya mfalme wa Uingereza. Paka wanalala, wanapigana, wanajilamba, wamejaa ukurasa. Nikatazama kwa heshima zote, paka wa kwanza, wa pili, nashuka taratibu, na katikati ya wale paka, naapa, kuna joka. Joka zima limejipinda, shingo ndefu. Wasomi watakwambia alikuwa anafananisha jinsi miili inavyojikunja. Mimi fundi namjua fundi mwenzangu. Yule mkono ulimponyoka akasema liwalo na liwe. Nikaituma ile picha kwa mama wa Goba na maneno: "Hata wakubwa." Akajibu: "Usiniwekee joka."

Basi paka akatoka. Nimemkata kwenye shiti ya geji kumi na sita, kakaa, mkia umezunguka miguu ya mbele, masikio yamesimama. Nimemwekea nafasi kati ya nondo za chini ili yule wa kwenye kochi aweze kupita, kwa sababu mtulinga wa paka haujashikana na mifupa mingine, kichwa kikipita mabega yanafuata. Watu wanaopita njiani wanasema, "Paka huyo." Hakuna aliyesema ngiri, hakuna aliyesema fisi, mzee wa kahawa kamwita ps ps ps.

Nikampa mama bei iliyobaki. Akashika kiuno. "Fundi, hiyo si ndiyo bei ya simba?"

"Ndiyo, mama."

"Simba mnyama mkubwa. Huyu paka. Punguza."

Nilikosa maneno. Kwenye duka la vifaa hawajawahi kuniuliza shiti ninayonunua naenda kukata mnyama gani ili wanipunguzie. Nikamweleza goti, kisigino, nauli ya Oysterbay, bando, kiganja hiki hapa bado kina alama. Simba nafanya nikiwa naongea na simu, paka kanitoa jasho la wiki. Akasikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akasema kweli nimeteseka. Halafu akasema paka wake kazaa, na badala ya ile elfu sitini iliyobaki ataniletea watoto wawili, weupe, wazuri, wakae kibandani niwe nawatazama oda nyingine za paka zikija.

Mama wa Goba, kama unasoma hapa: watoto baki nao. Geti liko tayari, gari la kulibeba nimeshaongea nalo, na namba ya kutuma elfu sitini ni ile ile uliyotumia kwenye advansi.