Wafalme Walibadilika, Mafundi Walibaki

Ukifika mbele ya kasri la Mfalme Pedro mjini Sevilla, Hispania, inua macho juu ya madirisha. Utaona mkanda wa vigae vya buluu na vyeupe, na ndani yake maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye herufi za pembe, yaliyorudiwarudiwa: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Pembeni yake yamezunguka maandishi ya Kihispania cha zamani yanayomtukuza Don Pedro aliyeamuru jengo hilo lijengwe, mwaka 1364.

Pedro alikuwa Mkristo. Babu yake wa kale, Fernando wa Tatu, aliuteka mji huo kutoka kwa Waislamu mwaka 1248. Lakini Pedro alipotaka makao ya fahari, aliwatumia mafundi wa Toledo na Sevilla, na wengine kutoka Granada, dola ya Waislamu ya rafiki yake Sultani Muhammad wa Tano. Wakamjengea kwa ujuzi wao, na maneno yale ya Kikufi, kaulimbiu ya watawala wa Granada, wakayaweka usoni pa kasri la mfalme Mkristo.

Ndiyo maana siridhiki historia ya majengo ya Hispania inaposimuliwa kama mabehewa ya treni: Warumi, wakafuata Waarabu, wakafuata Wakristo na makanisa yao. Mimi naona uzi wa historia hiyo uko mikononi mwa fundi mwashi.

Tazama Córdoba. Msikiti mkuu ulipoanza kujengwa miaka ya 780, chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, mafundi walichukua nguzo za majengo ya zamani ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala baada yao. Nguzo zilikuwa fupi. Paa lingekaa moja kwa moja juu yake, ukumbi mpana kiasi kile ungekuwa kama pango. Wakafanya nini? Wakapandisha tao juu ya tao. Lile la chini halibebi paa. Linazifunga nguzo zisiyumbe. La juu ndilo linalobeba. Katikati wakaacha wazi, mwanga na hewa vipite, na kila tao wakalipanga tofali jekundu, jiwe jeupe, tofali, jiwe. Wengi wanaamini wazo hilo lilitokana na daraja la maji la Warumi kule Mérida, ambalo nalo lina matao ya ghorofa na mistari ya mawe na matofali. Nguzo zilizosimama Córdoba hadi leo zinazidi 850.

Mwaka 1523, mji ukiwa tayari mikononi mwa Wakristo, katikati ya msitu huo wa nguzo walianza kujenga kanisa refu. Nasema bila kuzunguka: lilikuwa kosa. Na si mimi wa kwanza kulalamika. Baraza la mji lilipinga hadi likatishia kumuua fundi yeyote atakayegusa kazi ile. Mfalme Carlos wa Tano akaamua upande wa askofu, na msimamizi wa ujenzi akawa Hernán Ruiz.

Lakini huyu alikuwa na mtoto, Hernán Ruiz pia, na mtoto huyo ndiye ninayemheshimu. Sevilla walimpa mnara wa msikiti wa zamani, ule unaoitwa Giralda, uliokamilika mwaka 1198, auwekee sehemu ya kengele. Ndani ya mnara ule hupandi ngazi. Unapanda njia za mteremko, 35, pana kiasi cha kupita mtu juu ya mnyama. Kati ya 1558 na 1568 akaongeza sehemu yake juu kabisa, nyepesi, iliyojaa uwazi, na mnara wa chini akauacha na matofali yake. Alijua anapokea kazi ya mwenzake.

Kuanzia 1609 Hispania iliwafukuza wazao wa Waislamu waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, na pamoja nao ikapoteza mikono mingi ya kazi hii. Neno halikuweza kufukuzwa: mpaka leo Mhispania humwita mwashi *albañil*, kutoka Kiarabu *al-banna*, kama ambavyo *alcázar* yao ni ndugu wa kasri letu.

Na mwaka 1883 mbunifu kijana wa majengo, Antoni Gaudí, alipopata nyumba yake kubwa ya kwanza ya kujenga mjini Barcelona, Casa Vicens, alichukua tofali, akalipamba kwa vigae vya kijani na vyeupe. Ni rangi zilezile zilizo kwenye minara ya matofali ya mji wa Teruel, Hispania, iliyosimama tangu miaka ya 1300.