Sabuni mwili mzima, au kwapani na miguuni inatosha?

Mwaka 2021 Ashton Kutcher, yule muigizaji wa Marekani, alisema kwenye podikasti kwamba kila siku anaosha kwapani na sehemu za siri basi, kwingine kote hagusi. Watu walimcharukia balaa, na Dwayne Johnson, muigizaji mwenzake, naye akaandika kwamba yeye anaoga mara tatu kwa siku. Huku kwetu jibu likawa lilelile la siku zote, wazungu hawaogi. Na mimi nilicheka sana tu, ila kadiri ninavyolifikiria naona jamaa hakukosea kihivyo.

Sisi tumelelewa kivingine. Ukitoka bafuni mama anaenda kushika sabuni kwanza, akikuta kavu unarudishwa, "umeoga wewe au umejimwagia maji?" Ikiwa imelowa bado hujapona, anapitisha ukucha kwenye ugoko, ukitokea mstari mweupe basi kesi imeisha, dodoki linaletwa na unasuguliwa mpaka nongo zinajiviringa. Sasa yule mstari mweupe, kumbe sio uchafu. Ni ngozi kavu, imepauka, na unavyozidi kuipiga sabuni ndo mstari unazidi kuwa mweupe. Hata zile nongo sehemu kubwa ni ngozi iliyokufa, ukilowa vizuri na kusugua zinatoka hata bila povu.

Jasho lenyewe liko la aina mbili. La mikononi, mgongoni, tumboni ni maji na chumvi, linaondoka na maji tu. La kwapani na kinenani linatoka kwenye tezi nyingine, zito kidogo, lina mafuta na protini ambazo bakteria wa kwenye ngozi wanakula, na wakishakula ndo ile harufu inakuja. Ndo maana hujawahi kusikia mtu ananuka kiwiko. Kwahiyo hapo sabuni haina mjadala, na miguu pia sababu ya kushinda ndani ya viatu, hapo ndo Kutcher alipoteleza. (Kina dada, sehemu za siri ni nje tu, ndani kunajisafisha kwenyewe na sabuni inavuruga.)

Kwingine ndo kuna hesabu. Ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi inazidi) kama 5 hivi, wakati sabuni ya kipande inacheza 9 mpaka 10, inaondoa jasho na inaondoa na mafuta yako ya asili. Mimi nilipokuwa naishi geto nilioga na sabuni ya mche mwaka mzima, ile ya kufulia, asubuhi na jioni, tena maji yenyewe ya kisima, ya chumvi, yale sabuni haitoi povu unaongeza na kuongeza tu halafu unabaki na utando unaonata. Miguu ikapasuka mpaka nikimaliza kuoga nashindwa kulala kwa kujikuna. Muuguzi aliponiona aliniuliza swali moja, unaogea nini? Nilipunguza sabuni nikaibakiza kwenye yale maeneo matatu tu, kwapani, kinenani na miguuni, na ndani ya wiki chache nikapona.

Ila nisijifanye nimemaliza, sababu upande wa pili una hoja nzito na hao wanaosema sabuni kwapani tu wengi hawaishi Dar mwezi wa pili. Fundi gereji anatoka na grisi mpaka kwenye masikio, bodaboda vumbi limeganda, hapo maji peke yake ni kujidanganya. Na kuna kitu kwetu hakisemwi, mafuta. Tukitoka kuoga tunajipaka mafuta mwili mzima, vumbi linanata kwenye mafuta, mafuta hayatoki na maji, kwahiyo lazima sabuni, sabuni inakausha, tunajipaka tena. Mtu asiyejipaka anaweza kuruka sabuni, wewe uliyejipaka nazi asubuhi ukapanda daladala huwezi. Mimi siku ya kushinda ndani ni sehemu tatu, siku ya kuzunguka juani ni mwili mzima ila mara moja, jioni.

Nisichokubali kabisa ni ile ya kununua sabuni za dawa kwa bei mbaya eti zinaua vijidudu. Marekani mwaka 2016 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 vya sabuni za namna hiyo, ile kemikali ya kuua bakteria iitwayo triclosan ikiwemo, sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Hela hiyo bora ununue dodoki jipya, la zamani linaloning'inia bafuni bichi wiki nzima ndo la kuogopa, au angalau lianike juani.

Mama akija kunitembelea bado anashika sabuni. Nailoweshaga kabla hajaingia.